Kujifunza bijuu za feza hapa Lubumbashi: anzia ku mukuba (shaba nyekundu)

Swali: "Papa fundi, jambo. Niko na miaka 26, naishi Katuba, nauzishaka bijuu za Dubai ku soko ya Kenya, hapa hapa mjini. Wateja wanarudi kulalamika, pete zinabadilika rangi, zinaacha kijani ku kidole. Nataka nijifunze kutengeneza mwenyewe, za feza ya kweli, na nitie malakiti yetu, lile jiwe la kijani, ndani. Niko na dola 150 pembeni. Kuna mtu ananiambia ninunue kwanza mashini ya kusugua, mwengine anasema bila kwenda kusoma inje haiwezekani. Nimuamini nani? Na niko nyumbani na watoto wawili wadogo, nitafanyia wapi?"

Jambo mama. Usimuamini hata mmoja. Mashini ya kusugua itakuja siku yake, na kusoma inje ni vizuri kama kuna mtu analipa, lakini kwa hii kazi kitu chenye kinashindaka watu si mashini na si diplome, ni moto. Mwenye kuujua moto anaweza kukaa ku meza ya mbao chini ya mwembe na kutoa pete ya kuvaa harusini, na mwenye haujui hata umpatie ateliye nzima atayeyusha feza yote wiki ya kwanza. Kwa hiyo swali lako la kweli ni hili: nitajifunza wapi moto bila kuchoma dola zangu 150? Jibu, mama, unakanyaga juu yake. Uko mu mji wa mukuba.

Fanya miezi yako ya kwanza yote na mukuba peke yake, bila hata gramu moja ya feza. Sababu si bei tu. Mukuba unayeyuka ku digri 1085, wakati feza ya 925, ile yenye utatumia baadaye, inaanza kulegea karibu na digri 800 na ku 893 imekwisha kuwa maji. Maana yake mukuba unakupa nafasi kubwa ya kukosea kabla haujaanguka, halafu ku msumeno, ku nyundo na ku tupa unajibu karibu sawasawa na feza, mikono haitaona kugeuka kukubwa siku utahama. Na kile unafanya haupotezi, bangili ya mukuba yenye kupigwa vizuri inauzika, watu wa mji huu wanaipenda. Wakubwa wetu walikuwa wanafanya hivyo zamani sana: kule Sanga, karibu na ziwa Kisale, wakati walichimba makaburi ya kale mwaka 1957 walikuta bangili na mikufu ya mukuba iliyofanywa vizuri, vitu vya miaka mingi mbele ya mzungu wa kwanza kufika, na wale mafundi hawakuwa na kurà (umeme) wala mashini ya kusugua.

Mukuba wenyewe utafute kwa mafundi wa umeme na wa frigo, wako na vipande vya waya na vya tiyo vinabaki ku kazi. Tiyo ukiipasua kwa urefu na kuipiga inakuwa bati nzuri. Plastiki ya waya uitoe na kisu, usiichome, ule moshi ni sumu. Na kebo zenye zinaletwa usiku na vijana wenye haujue walizitoa wapi, ziache, utaamka siku moja na polisi ku mlango juu ya bangili mbili.

Sasa zile dola. Kitu cha kwanza ni msumeno wa sonara, ile fremu ndogo yenye kushika uzi mwembamba wa chuma wenye meno, na nyuzi zake namba 2/0, uchukue nyingi kwa sababu zinavunjika, zinavunjikia hata sisi wazee. Halafu pensi mbili, moja ya mdomo bapa bila meno na moja ya mdomo wa duara, tupa moja ya nusu duara, koleo nyembamba ya kushikia vitu mu moto, boraksi (ule unga wa kusaidia kuunga), papye de vere ya kusugulia ya namba mbalimbali kuanzia 400 mpaka 1200, na shalimo ndogo ya gazi, ile ya kutoa moto. Kwa shalimo usiwe bahili kupita kipimo. Zile ndogo sana za kuwashia sigara zinatosha pete nyembamba tu, kwa bangili moto wake haufiki, utakaa pale dakika kumi unalaumu sudire, ile metali ya kuungia, kumbe kosa ni la moto mdogo. Vingine vyote usinunue dukani. Nyundo iko nyumbani, uisugue uso mpaka ing'ae kwa sababu kila alama ya uso wa nyundo itaandikwa ku bijuu. Fuawe ni kipande chochote cha chuma kizito chenye uso laini. Tofali la kuvumilia moto, kwa mji wa mafurno kama huu halikosekani. Na kipande cha makala ngumu, kile kizito chenye hakina nyufa, uisugue upande mmoja mpaka iwe bapa, njo meza yako ya kusude, hata mafundi wakubwa wa Ulaya wanatumiaka makala vilevile.

Meza iwe ya juu kuliko unavyofikiri, ukikaa ifike karibu na kifua, usiiname. Mbele yake ugongomee kipande cha mbao ngumu chenye kutoka inje kama mkono, chenye kukatwa sura ya V, hapo njo utakatia na kusugulia kila kitu. Chini ya meza utandike kitambaa au ngozi ya kupokea vumbi. Kwa mukuba utaona ni mchezo, lakini uzoee sasa, siku ya feza lile vumbi ni makuta.

Msumeno: meno yaangalie chini, upande wa mkono wako, na uzi uukaze mpaka ukiupiga na ukucha ulie sauti nyembamba. Usisukume. Mkono unapanda na kushuka tu, mrefu, pole, na ukitaka kupinda kona unaendelea kusogeza juu na chini pale pale huku unageuza bati. Wenye kusukuma njo wanavunja nyuzi kumi kwa saa moja. Bati nayo isiwe nyembamba mno kwa uzi wako, inafaa meno mawili au matatu yaguse unene wake kwa wakati mmoja, la sivyo yanakwama.

Kisha kulainisha. Metali ukiipiga nyundo au ukiipinda inakuwa ngumu, na ukiendelea bila kuisikiliza inapasuka. Kwa hiyo unaipasha moto mpaka rangi nyekundu ya kufifia, unangoja ule wekundu upotee, unatumbukiza mu maji, inarudi laini. Sikiliza hapa vizuri: fanya hii kazi ku kivuli, hata ku giza kidogo. Ku jua lako la saa sita ile nyekundu ya kufifia haionekani, na siku utaanza kuiona mwangani ujue umekwisha kupita kipimo, kwa mukuba haina shida, kwa feza ile ni dakika ya kulia. Mtu akikosa uzoefu anaweza kuchora mstari na feltre, ile kalamu ya wino mzito, juu ya metali kabla ya moto, mstari ukifutika wenyewe simamisha.

Pete ya kwanza ufanye hesabu, usikadirie na uzi. Saizi za kifaransa zenye tunatumia hapa ni urefu wa mzunguko wa ndani kwa milimita, kwa hiyo mteja wa 54 ana mzunguko wa milimita 54. Lakini ukikata bati ya 54 pete itatoka ndogo, kwa sababu bati iko na unene na inapojipinda ndani inabanana. Uongeze unene mara 3.14. Bati ya milimita 1.5, ile inafanya 4.7, basi unakata 58.7. Pete pana inataka kuongezwa kidogo tena maana inabana kidole zaidi.

Sasa tufike ku sudire, na hapa nitakaa, kwa sababu karibu barua zote zenye napokea zinaishia hapa.

Sudire ya feza ni feza yenyewe na mukuba, wametia zinki kidogo ndani ili iyeyuke mbele ya kile unachounga. Iko ngumu, ya kati, na nyepesi, na tofauti ni digri tu, ngumu inataka moto mwingi zaidi. Unaanza na ngumu kwa unganisho la kwanza, halafu ya kati, nyepesi mwisho, ili wakati unaunga cha tatu cha kwanza kisifunguke. Mwanafunzi mwenye kununua nyepesi peke yake kwa sababu jina linamvutia atajuta ku kazi yenye viungo vitatu. Ukiweza kununua aina moja tu kwa kuanza, chukua ya kati.

Kanuni ya kwanza, sudire haijazi shimo. Pande mbili zigusane kabisa, uziweke mbele ya dirisha, kama mwanga unapita katikati rudi ku tupa. Ya pili, usafi: mafuta ya vidole tu yanatosha kuifukuza. Sugua, paka boraksi iliyosagwa na maji mpaka iwe kama maziwa, ndani ya kiungo na pembeni. Ya tatu njo ngumu kuiamini: haupashi sudire, unapasha kazi. Feza na mukuba vinapitisha moto haraka kupita metali karibu zote, kwa hiyo ukichoma pale tu ku kiungo, moto unakimbia kwenda ku sehemu nyingine, sudire inajikunja inakuwa kijiwe cha duara na inakuangalia. Zungusha moto ku pete nzima, upande wa mbali na kiungo kwanza, pole pole ili boraksi isiruke na kubeba sudire, utaona boraksi inavimba nyeupe, inatulia, inakuwa kama kioo. Hapo leta moto karibu na kiungo. Sudire inafuata joto, inakimbilia mahali pa moto zaidi, kwa hiyo ikienda upande mmoja tu, upande ule njo ulikuwa moto kupita mwenzake. Wakati inatiririka utaona mstari unang'aa kama maji ya zebaki, nusu sekunde, na unatoa moto mara moja. Usikae kuushangaa.

Kwa mazoezi ya mukuba ku mukuba, zile fimbo za mafundi wa frigo zinafaa, zenye mukuba na fosforo, hazihitaji hata boraksi na bei yake ni ndogo. Unga, vunja, unga tena. Lakini usizipeleke ku feza, na fimbo nyingine za frigo zenye feza, hasa za zamani, ziko na kadmiamu ndani, ule moshi wake unaua mapafu. Kama pakiti haisemi wazi haina kadmiamu, acha. Na ile sudire laini ya mafundi wa radio, eteni na risasi, isikanyage ku meza yako hata siku moja. Risasi ikibaki kidogo ku feza, siku utaipasha inaitafuna, unaona matundu yanafunguka mbele ya macho na hakuna dawa. Watu wanaokuletea mkufu utengenezwe uangalie kwanza kama hakuna mjanja aliyepita na risasi.

Ukitoka mu moto kazi iko nyeusi na kioo cha boraksi juu. Inaingia mu maji ya asidi. Hapa mjini kila mtu atakuambia asidi ya batri, na ni kweli inafanya kazi ukiipunguza sana na maji, lakini kwa nyumba yenye watoto mimi nakukataza. Chukua asidi sitriki ya unga, ile ya chumvi ya limau, uikoroge mu maji ya moto, inachukua muda zaidi na inafika palepale. Siku utakuwa na ateliye yako na ukataka ile kali, asidi njo inaingia mu maji, kidogo kidogo, kamwe maji mu asidi, inaruka usoni. Koleo ya chuma isiguse mule, chuma kikiingia kila kitu kinatoka na rangi ya mukuba, tumia ya plastiki au vijiti vya mwanzi. Na chombo cha asidi kisirudi jikoni tena, ukipake rangi nyekundu kama inafaa, hata bibi akikosa cha kupikia bukari asikiguse.

Fanya hivyo mpaka uunge pete kumi mfululizo na hakuna hata moja inafunguka ukiipiga nyundo ku fimbo ya chuma. Ni miezi mitatu au minne kwa mtu mwenye kupata saa chache kwa wiki, kuna wenye inawachukua mwaka, na si wenye mikono mibaya, ni wenye nafasi ndogo. Hapo njo ununue feza.

Feza safi kabisa, 999, ni laini mno kwa pete ya kila siku, inapinda. Ndiyo maana dunia nzima inatumia 925: sehemu 925 za feza na 75 za metali nyingine, mara nyingi mukuba. Bei ya dunia inatajwa kwa onsi ya gramu 31.1, ugawanye upate gramu moja, uzidishe na 0.925, hapo unajua ndani ya kitu kuna thamani gani na muuzaji anakuongezea ngapi. Atakuongezea, ni haki yake, bati iliyotengenezwa tayari ina kazi ndani. Dola zenye zitabaki kwa zako 150 zitakupa bati ndogo na waya kidogo, na inatosha, usinunue ya mwaka mzima.

Na hapa kuna uongo mwingi. Muhuri wa 925 hauna maana peke yake, kila mtu anaweza kuugonga. Ile wanaita maishoru, na ile ya "feza ya Tibet", mara nyingi hakuna feza hata chembe, maishoru ni mukuba, nikeli na zinki. Sumaku inafukuza wajinga tu, maana nikeli iliyochanganywa na mukuba haivutwi. Nunua mizani ndogo ya dijitali ya kusoma sehemu ya mia ya gramu na ufanye hivi: pima pete kavu. Weka kikombe cha maji ku mizani, uirudishe ku sifuri, halafu teremsha pete mu maji na uzi mwembamba bila kugusa chini wala pembeni. Namba inayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya wa kwanza kwa wa pili. Pete ya gramu 5.20 yenye kusoma 0.50 mu maji inatoa 10.4, njo feza ya 925. Ikitoa 8.6 au 8.7, salimia muuzaji na uende. Kipimo hiki hakifai kwa pete yenye jiwe au yenye uwazi ndani, na kitu cha kupakwa feza nyembamba juu ya shaba ya njano kitajionyesha hapa bila kukikwaruza. Kuhusu zile sarafu za kale: kuna ya franga 50 ya Kongo ya Wabeleji ya mwaka 1944, ile ya tembo, ni feza nusu tu. Ukiipata usiiyeyushe, wakusanyaji wanaitaka nzima.

Siku ya kwanza ya feza kazi ni ile ile, ila uwe na mambo mawili kichwani. Inafika haraka kuliko mukuba, ukiona uso unaanza kung'aa na kutetemeka kama maji umebakiwa na nusu ya nafasi ya kupumua, toa moto. Na ukiipasha sana na mara nyingi, ule mukuba ulio ndani unapata oksijeni na unaacha doa la zambarau chini ya uso, utasugua juma zima na halitoki. Paka boraksi kila mahali, si ku kiungo tu, na pasha mara chache.

Sasa malakiti, kitu chenye mwenzako wa Kinshasa au wa Lusaka hana ku mlango kama wewe. Watu wengi wameharibu malakiti nzuri ya Kolwezi kwa kutojua tabia yake. Jiwe hili ni karbonati ya mukuba. Asidi inalikula, hata siki na limau, ukitia ku maji ya kusafishia linatoa povu na kupoteza uso. Moto unaligeuza jeusi, kwa digri ndogo sana kuliko za sudire. Na ni laini, 3.5 mpaka 4 ku kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa mawe, chuma chako chochote kinalikwaruza. Kwa hiyo jiwe linaingia MWISHO kabisa, baada ya moto wote, asidi yote na kusugua kote, na kama baada ya kuliweka unaona kiungo kimefunguka, unalitoa, hakuna ujanja.

Ile kikombe cha kulishika: ukanda wa feza 999, ile laini, wa unene wa milimita 0.3. Zungusha ku jiwe lenyewe, alama pale vinapokutana, kata, unga na sudire ngumu. Jiwe liingie bila kusukumwa na lisicheze. Kimo cha ukanda kiwe kama theluthi moja ya kimo cha jiwe, ukizidisha unaficha ile mistari ya kijani yenye mteja analipia. Usugue chini iwe bapa, weka juu ya bati ya 0.5, na sudire ya kati uipange pembeni ndani, pasha bati zaidi kuliko ukanda maana ukanda unayeyuka kwanza. Kama ni bijuu ya shingo, kile kitanzi cha kupitishia mkufu unakiunga na sudire nyepesi. Asidi, papye de vere namba moja baada ya nyingine mpaka alama za ile ya mbele zipotee zote, brosi ya shaba ya njano na sabuni, kitambaa na dawa ya kung'arisha. Kisha jiwe, tepu ya karatasi juu yake kwa kulilinda, na unasukuma ukanda, upande huu, upande wa mbele yake, kushoto, kulia, kidogo kidogo, usizunguke mara moja kama mtu anafunga kopo, ukizunguka ukanda unakusanyika upande mmoja na unakunja.

Kukata malakiti mwenyewe, ngoja. Vumbi lake ni vumbi la mukuba, kavu usiliguse kamwe, ni maji wakati wote na maski. Nunua kwa wale wenye kulikata tayari, na uangalie si plastiki: ya kweli ni baridi ku shavu, nzito kwa ukubwa wake, na mistari haifanani kama iliyochorwa na rula.

Swali la mahali na watoto. Shalimo usiiwashe ndani ya nyumba yenye kulala watu, veranda inatosha, ukuta mmoja wa kuzuia upepo. Nywele zifungwe, liputa ya nailoni uiache, pamba tu, na miwani ya macho. Asidi na boraksi ku kabati yenye funguo. Panga saa za moto wakati watoto hawako karibu, na kazi za tupa na papye de vere uzifanye jioni ukiwa nao. Kurà ikikatika haikugusi, njo uzuri wa hii kazi kwa mji wetu.

Mwalimu. Hapa Lubumbashi wapo mafundi wa mukuba wa kupiga, wale wanatoa picha za vijiji na wanyama ku bati. Wengi hawagusi feza, haina shida, nyundo na kulainisha wanajua kukuzidi na kunizidi. Omba ukae nao siku mbili kwa wiki, umpelekee mzee kitu mkononi, usiende mikono mitupu na usiulize siri siku ya kwanza, fagia, angalia. Mwenye kutaka diplome, Académie des Beaux-Arts ya Kinshasa iko na seksio ya metali ya kupiga. Video za intaneti ni nzuri kwa kuona mkono unapita wapi, mbaya kwa moto, kwa sababu kamera inadanganya rangi ya wekundu.

Wateja wako wa kijani: ule ni mukuba wa zile bijuu za bei ndogo unakutana na jasho. Usiwaahidi kwamba feza yako haitabadilika, itakuwa nyeusi kidogo kidogo, ni salfa ya hewa na ya ngozi, inatoka na kitambaa. Waambie mbele ya kuuza. Pete yenye malakiti wavue wakati wa kufua, wa kupika na wa kupaka manukato, na wasikubali mtu awasafishie na limau.

Bei ya kuuza, kwa sababu najua utauliza: uzito wa feza iliyotumika kwa bei ya leo si ya siku ulinunua, uongeze sehemu ya kumi kwa yenye ilikwenda mu vumbi hata kama utaikusanya, jiwe, gazi, sudire, halafu saa zako. Saa uziandike ku daftari tangu pete ya kwanza ya mukuba. Wanawake wengi wenye kuuzisha wanajua bei ya mali na wanasahau mikono yao, wanatoa pete ya siku mbili kwa faida ya soda. Vumbi la ku kitambaa ulipitishie sumaku litoe chuma cha tupa na msumeno, uweke mu chupa, la feza peke yake na la mukuba peke yake, hata tupa zako zigawe. Chupa ikijaa unaweza kuja tuyeyushe pamoja, nitakuonyesha namna ya kumimina.